Ruta ya Nyumbani na Daftari la Chama

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Zamani katibu wa chama alipochukua kazi ya kumalizia nyumbani alibeba daftari kwapani, na watu wote wa nyumba ile walijua kwamba kitabu kile hakiguswi. Siku hizi daftari limo ndani ya kompyuta, na kompyuta huunganishwa na ulimwengu kwa kisanduku kidogo chenye taa, kilichowekwa kando ya televisheni. Kisanduku hicho huitwa ruta. Watoto hukitumia kutazama picha, jirani huomba kukitumia, na mgeni hupewa neno lake la siri kabla hajapewa maji ya kunywa. Usiku, wengine wakiisha kulala, katibu naye hukitumia kisanduku kile kile kuwasilisha taarifa katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, au kutengeneza orodha ya malipo ya wakulima. Kwa sababu hiyo, namna ruta ya nyumbani inavyofungwa ni jambo linalomhusu mwanachama aliye mbali kabisa na nyumba hiyo, hata kama hajapata kuiona.

Intaneti huingia nyumbani kwa njia kadhaa. Njia itakayoelezwa kwanza hapa ni ile ya waya wa televisheni: waya mnene wa mviringo, wenye uzi mmoja wa shaba katikati na wavu wa chuma unaouzunguka. Asili yake ni Marekani. Mnamo mwaka 1948, katika miji midogo ya Pennsylvania na Oregon ambako mawimbi ya televisheni hayakufika vizuri, antena moja ilisimamishwa mahali pa juu, na waya ukateremshwa kutoka hapo hadi nyumba kwa nyumba. Antena moja kwa mji mzima: mwanaushirika hawezi kusikia habari hiyo asitabasamu, ingawa yafaa ikumbukwe kwamba mmoja wa wanaotajwa kuwa waanzilishi alikuwa mwenye duka, naye alitaka televisheni zake zipate wanunuzi. Waya ule ulipata kazi ya pili pale ilipotolewa, mwaka 1997, kanuni iitwayo DOCSIS, ambayo hueleza jinsi modemu za watengenezaji mbalimbali zitakavyoelewana na mitambo ya kituo cha waya.

Huko huko Marekani ushirika wenyewe una sehemu yake katika habari hii. Sheria ya mwaka 1936 ya kupeleka umeme vijijini iliviwezesha vyama vya ushirika kupata mikopo ya kusimamisha nguzo na kuvuta nyaya. Mwaka 1949 ikarekebishwa ili mikopo itolewe kwa ajili ya simu pia. Baadhi ya vyama hivyo vya umeme na simu ndivyo vinavyowapelekea wanachama wao intaneti hadi leo.

Katika Afrika Mashariki waya wa namna ya televisheni umefungwa katika baadhi ya mitaa ya Nairobi na Mombasa. Kwa upande wa Tanzania, waya unaozidi kuenea mijini ni ule wa faiba, yaani uzi wa kioo upitishao mwanga, na vijijini watu wengi hutumia ruta yenye laini ya simu ndani yake. Tofauti hiyo isimtishe katibu. Kinachobadilika ni kisanduku cha kwanza tu, kile kinachopokea waya. Kutoka hapo kuingia ndani kazi ni ile ile, na makosa ni yale yale.

Hakuna budi, basi, ieleweke kwamba visanduku ni viwili, ijapokuwa mara nyingi mtengenezaji huvitia vyote katika ganda moja. Cha kwanza ni modemu. Hiki ni mkalimani: hugeuza mawimbi yaliyomo katika waya yawe lugha ambayo kompyuta inaielewa. Cha pili ndicho ruta, na kazi yake ni ya tarishi. Kwa kawaida mtoa huduma huipa nyumba nzima anwani moja tu, mfano wa sanduku moja la posta la chama. Barua zote huja kwa sanduku hilo. Ruta huzichukua, hukumbuka ni kompyuta ipi au simu ipi iliyouliza jambo gani, na huigawia kila moja jibu lake. Ili isichanganye, huvipa vyombo vya ndani anwani zake yenyewe, ambazo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168.

Ufungaji huanza kwenye waya. Kichwa cha waya wa televisheni huskrubiwa nyuma ya modemu kwa vidole, wala koleo halihitajiki. Itazamwe tu kwamba uzi wa shaba haukupinda. Kama waya mmoja unagawanywa ili uende pia kwenye televisheni, ijulikane kuwa kigawanyo cha njia mbili humpa kila mmoja karibu nusu tu ya nguvu za mawimbi. Nyumba yenye vigawanyo vitatu vilivyofuatana, kila kimoja kimeongezwa na fundi wake, haina haja ya kushangaa intaneti inapokatika kila mara. Modemu ipewe mgawanyo wa kwanza, au waya wake pekee.

Baada ya hapo modemu huwashwa peke yake, na mwenye nyumba hungoja. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Modemu hutafuta kituo, hujitambulisha, na hupokea maagizo, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa. Taa ya intaneti humetameta kwanza, kisha hutulia. Isipotulia, kwanza ichunguzwe kama mtoa huduma ameandikisha namba ya utambulisho ya modemu hiyo, ile yenye tarakimu na herufi 12 iliyobandikwa chini yake. Modemu isiyoandikishwa ni sawa na mtu aliyekuja mkutanoni bila jina lake kuwamo katika rejista: atasimama mlangoni siku nzima.

Taa ikiisha kutulia, waya mfupi wa kompyuta hutolewa kwenye modemu na kuchomekwa katika ruta, kwenye tundu lililoandikwa WAN au Internet. Tundu hilo huwa peke yake, na mara nyingi rangi yake ni tofauti. Matundu mengine, yaliyoandikwa LAN, ni ya kompyuta na mashine ya kuchapia. Kuchomeka waya wa modemu katika tundu la LAN ni kosa la kawaida sana: taa zote huwaka, simu huonyesha kwamba zimeunganishwa, wala hakuna kinachofunguka. Kisha ruta nayo huwashwa.

Liko jambo jingine ambalo limewagharimu watu nauli ya fundi bure. Modemu nyingi za waya wa televisheni hukumbuka chombo cha kwanza kilichounganishwa nazo, na hukataa kingine. Anayebadili ruta ya zamani kwa mpya, akaona mpya haifanyi kazi, huidhani ni mbovu na kuirudisha dukani. Dawa yake ni kuzima modemu kabisa, kungoja dakika moja au mbili, kuiwasha hadi itulie, ndipo ruta mpya iwashwe. Ikiwa modemu ina betri ndani yake, betri nayo itolewe.

Kadhalika, ambaye mtoa huduma amempa kisanduku chenye modemu na ruta ndani yake, kisha akanunua ruta nyingine ya kwake, anakuwa na matarishi wawili katika ofisi moja, kila mmoja akigawa barua kwa hesabu yake. Kazi nyingi zitaendelea, lakini nyingine zitagoma bila sababu ya kuonekana. Amwombe mtoa huduma akifanye kisanduku cha kwanza kiwe kipitishio tu, au aridhike na hicho kimoja.

Sasa yafuata maneno ya siri, na hapa ndipo penye uzito.

Maneno ya siri ya ruta ni mawili, siyo moja. La kwanza hulijua kila mtu: ni lile linaloruhusu simu au kompyuta kutumia waifai. La pili ni la msimamizi, nalo hufungua ukurasa wa ndani wa ruta yenyewe, ambamo mna uwezo wa kubadili kila kitu, kuona orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa, na kumfungia yeyote nje. La kwanza ni ufunguo wa mlango. La pili ni ufunguo wa kasha. Nyumba nyingi hubadili la kwanza na kuliacha la pili kama lilivyotoka kiwandani, na kwa ruta nyingi za zamani lile la kiwandani ni neno jepesi ambalo kila mtu anayejishughulisha na mambo haya analijua.

Mfano wa chama kimoja cha akiba na mikopo unatosha. Katibu wa chama hicho hakuwa na umeme wa kutegemewa ofisini, hivyo hesabu za mwezi alizimalizia nyumbani. Ruta yake ilifungwa na karani wa chama, kijana hodari wa mambo ya kompyuta na jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Karani huyo ndiye pia aliyefungua kabrasha katika kompyuta ya katibu ili mashine ya kuchapia itumike na wote wawili. Kabrasha hilo halikuwekewa neno lolote la siri. Baadaye hesabu za karani hazikulingana, akaachishwa kazi. Kamati ilimnyang'anya funguo za ofisi, muhuri na vitabu vya stakabadhi, ikaandika hati ya makabidhiano, ikatia sahihi. Ruta haikutajwa. Haikumpitia mtu yeyote kwamba simu ya kijana yule, akiwa ameketi barazani kwake, ilikuwa ingali ndani ya nyumba ya katibu.

Miezi michache ikapita. Mama mmoja mjane, ambaye alikopa kwa ajili ya ada ya shule, akasikia deni lake likitajwa bombani, mbele ya watu waliopanga ndoo. Kiasi kilikuwa sahihi, hata na riba. Hakugombana na mtu. Alikwenda ofisini akauliza amebakiza marejesho mangapi, na akimaliza atafuata utaratibu gani wa kutoa akiba zake na kujitoa. Wanachama wengine wakaja na swali hilo hilo. Kwa kuwa orodha ya madeni ilikuwa mikononi mwa katibu peke yake, ilionekana wazi kwamba aliyetoa siri ni yeye; ukatayarishwa mkutano wa kumwondoa. Kilichomwokoa ni mwanawe aliyefungua ukurasa wa ndani wa ruta kwa sababu nyingine kabisa, akitafuta kwa nini michezo yake inakwama, akaona katika orodha ya vyombo jina la simu ambalo halikuwa la mtu yeyote wa nyumba ile. Maneno yote mawili ya siri yalibadilishwa usiku huo huo, na kabrasha likafungwa. Katibu alibaki na kazi yake. Yule mama alimaliza deni lake kwa wakati, akachukua akiba zake, akaondoka.

Hakuna wizi wa fedha katika kisa hiki, na huenda ndiyo maana visa vya namna hii haviandikwi katika taarifa za ukaguzi. Lakini chama cha akiba na mikopo huishi kwa imani ya wanachama wake. Aidha, tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza habari za mwanachama Tanzania si suala la adabu pekee; ni wajibu wa kisheria wa anayezikusanya.

Pia asiwepo wa kudhani kwamba anayeijali ruta yake ni jirani peke yake. Mwaka 2016 programu haribifu iliyopewa jina la Mirai ilizunguka duniani ikijaribu kuingia katika ruta, kamera na vyombo vingine kwa orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya viwandani, yapatayo jozi 60 hivi. Orodha hiyo fupi ilitosha kuteka vyombo kwa malaki. Mwezi Oktoba mwaka huo vilitumiwa kuzidisha mzigo katika mitambo ya kampuni moja ya Marekani inayoelekeza majina ya intaneti, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata, programu ya ukoo ule ule ilipita kwenye ufa mwingine, na nyumba zipatazo 900,000 nchini Ujerumani zikakatikiwa na huduma. Wenye vyombo hivyo walikuwa watu wa kawaida, kila mmoja akidhani kisanduku chake ni kidogo mno kumvutia mtu.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla simu yoyote haijaunganishwa, kompyuta ichomekwe kwa waya, anwani iliyoandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, iandikwe mahali pa anwani ya tovuti, na neno la msimamizi libadilishwe. Halafu jina la waifai libadilishwe, lisiwe jina la chama wala la katibu. Neno la waifai liwe refu. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Katika aina za ulinzi ichaguliwe WPA3, au WPA2 kama vyombo ni vya zamani. Ile iitwayo WEP ilibainika kuwa dhaifu tangu mwaka 2001 na haifai kwa lolote. Kitufe cha WPS, kinachounganisha simu bila kuandika neno la siri, kizimwe. Usimamizi kutoka nje uzimwe pia. Programu ya ndani ya ruta ihuishwe, na kama ruta yaweza kujihuisha yenyewe, iruhusiwe. Mwishowe ufunguliwe mtandao wa wageni, ambao karibu kila ruta ya sasa inao: watoto, majirani na televisheni wakae huko, na kompyuta yenye daftari la chama ikae peke yake upande wa pili. Kwa njia hiyo mgeni ataendelea kupewa neno la siri kwa ukarimu wote, na hakuna atakayeonekana mchoyo.

Pale ambapo chama ndicho kinacholipia ruta, basi ruta ni mali ya chama hata kama imetundikwa ukutani kwa katibu. Iingizwe katika rejista ya mali. Neno la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, liwekwe katika kasha. Na kila mtumishi anayelijua akiondoka, libadilishwe siku ile ile, na hati ya makabidhiano ioneshe hivyo. Fundi aliyekuja kufunga asiondoke na neno ambalo chama chenyewe hakinalo. Si kwamba mafundi ni watu wabaya. Fundi ana wateja wengi, husahau, huhama mji, hupoteza simu.

Juu ya mahali pa kuweka ruta maneno ni machache. Iwekwe juu, karibu na katikati ya nyumba, na iachwe ipumue. Wapo makatibu waangalifu ambao, kwa kuogopa wezi, huifungia ndani ya kabati la chuma la chama, kisha hulalamika kwamba haifiki hata meza ya pili. Chuma huzuia mawimbi, na bidii yao ya kulinda mali ndiyo inayowaponza. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: yale ya 2.4 hupenya kuta na kufika mbali zaidi, yale ya 5 huwa ya haraka lakini huchoka mapema.

Kuhusu kasi, tangazo la mtoa huduma husemwa kwa megabiti, lakini majalada hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Jalada la megabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 10 huchukua sekunde 80, hata mambo yote yakienda sawasawa. Tena katika waya wa televisheni kasi ya kupokea hupita kwa mbali ile ya kutuma, na waya hushirikiwa na mtaa mzima, hivyo saa za jioni huwa mzito. Katibu mwenye taarifa ndefu ya kutuma aamke alfajiri.

Huduma ikikatika, ukaguzi ufuate njia ile ile ya waya: je, umeme upo? Taa ya modemu imetulia? Kompyuta iliyochomekwa kwa waya inapata? Ikiwa iliyochomekwa inapata na simu haipati, hitilafu ni ya waifai. Ikiwa hata modemu haijatulia, hitilafu iko nje, na kubonyeza kitufe kilicho ndani ya kitundu kidogo nyuma ya ruta hakutasaidia. Kitafuta mipangilio yote na kuirudisha katika maneno ya kiwandani, na wengi hawakumbuki kuyabadili tena. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Siku kama hiyo asiyejua njia ya waya huhangaika na kisanduku chake tangu asubuhi hadi usiku.

Lakini kitufe hicho cha nyuma kina siku yake. Ruta inapouzwa, inapogawiwa au inaporudishwa kwa mtoa huduma, hubonyezwa kwa ncha ya kalamu kwa sekunde kumi hivi, mpaka taa zibadilike, ili jina la mtandao na maneno ya siri yasiende na mwenye kuipokea. Hilo nalo liandikwe katika rejista ya mali, pamoja na tarehe, na sahihi ya aliyeshuhudia.